Kamusi Nyuma ya Kioo: Hela ya Pilau Ilivyokwenda kwenye Laptopu

Wasomaji wetu, kabla hamjatuuliza tena pilau ya mwisho wa muhula ilikwenda wapi, tunaomba msome makala haya hadi chini. Mliokuja usiku ule mkakuta chapati na maharagwe mna haki ya kuelezwa. Hela ya nyama ilinunua kioo cha laptopu. Kioo chenyewe, kama mtakavyoona, hakikuhitajika.

Mambo yalianza Alhamisi moja ya Novemba, kwenye mkutano wetu wa kawaida. Dada alifika akiwa amechelewa, akaiweka laptopu yake mezani, akakaa bila kuvua koti. Tunamwita Dada hapa kwa sababu ndivyo sote tunavyomwita chamani: yuko mwaka wa tatu, na ndiye anayetukumbusha kurudisha masufuria. Akasema, "Kioo kimekufa."

Alikuwa ameshaipeleka kwenye duka moja la ukarabati hapa mjini. Walioipokea waliiwasha, wakaitazama kwa dakika mbili, wakamwambia kioo kimeharibika, matengenezo ni pauni 185, asubiri wiki mbili, na kwa ushauri wao afadhali angenunua mpya. Dada alikuwa na siku 11 kabla ya kukabidhi insha yake kubwa ya maneno 8,000. Ndani ya laptopu hiyo mlikuwa na saa tisa za sauti ya bibi yake wa Tanga, alizomrekodi likizoni akisimulia harusi za zamani zilivyoendeshwa, nani alipika, nani aliimba, nani alinuna. Insha yote ilisimama juu ya rekodi hizo. Hakuwa na nakala mahali pengine.

Jambo jingine alitueleza baadaye, tukiwa wachache. Laptopu ile alinunuliwa na mama yake alipoingia chuo, na mama yake anafanya kazi ya zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Angemwambia kwamba imeharibika, mama angeongeza zamu. Dada hakutaka mama aongeze zamu. Basi hakumwambia.

Tukasema, sisi tupo.

Hapa tukiri kosa letu waziwazi. Kati yetu yumo mmoja anayesoma uhandisi na mwingine aliyewahi kubadilisha kioo cha simu yake bila kuiua. Tulijiona mafundi. Tuliondoa fremu ya plastiki inayozunguka kioo kwa kisu cha jikoni (msicheke), tukakichomoa kioo, tukasoma namba iliyoandikwa kwenye lebo ya nyuma, tukaagiza kingine cha namba hiyohiyo kwa pauni 52. Fedha zilitoka kwenye kopo la chama, yaani faida ya sambusa tulizouza Oktoba. Tulijiambia kwamba pauni 52 dhidi ya 185 ni ushindi mkubwa.

Kioo kilifika Jumatatu. Tulikiunganisha laptopu ikiwa imelazwa mezani, kifuniko kimefunguliwa hadi mwisho. Tukabonyeza kitufe. Picha ikaja, safi, haina mstari hata mmoja. Kuna aliyepiga vigelegele hadi jirani wa juu akagonga sakafu. Tukarudisha fremu, tukafunga laptopu kwa heshima zote, tukanywa chai. Dada akaifungua ili aanze kazi. Kilipoinuka nusu, kioo kipya kikacheza mara mbili tatu, kikawa cheusi.

Tulikaa kimya kwa muda mrefu kidogo.

Dada ana mjomba wake ambaye ni fundi Kariakoo, Dar es Salaam. Hatukumpigia mapema kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kiburi, na tumeshaisema. Ya pili ni lugha. Wengi wetu tulizaliwa hapa Uingereza au tuliletwa tukiwa wadogo, na Kiswahili chetu ni cha jikoni na cha simu ya bibi. Tunaweza kusema punguza moto, funika sufuria, msalimie shangazi, Mungu akipenda tutakuja Desemba. Lakini nani kati yetu aliwahi kusikia nyumbani jina la ile kebo nyembamba inayopita ndani ya bawaba? Tuliogopa kuchekwa.

Ilikuwa saa mbili usiku kwetu, saa tano usiku kwake. Mjomba alipokea kwa video akiwa kwenye kibaraza chake, fulana nyeupe, feni inavuma nyuma. Tukasema sote kwa pamoja kama watoto wa chekechea: "Shikamoo mjomba!"

"Marahaba, wapwa zangu. Hamjambo? Mbona mko wengi, kuna msiba?"

Dada akamwambia kioo kimekufa. Mjomba akatikisa kichwa. "Kufa sikielewi. Niambieni kinafanya nini."

Swali hilo lilituchukua robo saa nzima, na tunalitaja kirefu kwa sababu ndilo lililotufundisha zaidi kuliko bisibisi. Mmoja wetu akasema kinapepesa. Mwingine akasema kinametameta. Wa Mombasa akasema kinawakawaka. Mjomba akatuuliza: picha inacheza, au inazima? Maana kucheza ni picha kuwapo ila inaruka na kutetemeka. Kuzima ni kuondoka kabisa. Kufifia ni picha kubaki lakini mwanga umepungua, na huo ni ugonjwa mwingine. Kuna kupauka, rangi zinapokuwa kama nguo iliyofuliwa mno. Kuna mistari iliyosimama, na kuna mistari iliyolala. Kuna doa jeusi lenye miguu kama buibui, nalo maana yake kioo kimepasuka ndani na hakuna la kufanya ila kukibadilisha. Kila kitenzi, kwake, kinaelekeza mahali pa kutazama. "Kioo kimekufa" hakielekezi popote, na dukani ndilo neno walilomuuzia Dada kwa pauni 185.

Tukakubaliana: picha inacheza, ina mistari iliyolala, halafu inazima. Mara nyingine inarudi yenyewe.

"Inarudi yenyewe," Mjomba akarudia taratibu. "Na mkanunua kioo."

Hatukujibu.

Tufungue mabano kidogo kuhusu majina. Chama chetu kina ugomvi wa siku nyingi: wa Nairobi wanasema kipakatalishi, wa Dar wanasema kompyuta mpakato, na mwenzetu wa Goma husema neno la Kifaransa kisha hucheka. Tulidhani fundi atatuamulia. Alisema, "Laptopu." Kamati ya lugha imetaka jambo hilo liandikwe.

Mjomba hakutaka tufungue chochote kwanza. Alitaka kuona kama mashine yenyewe iko hai. Bonyeza Caps Lock, akasema, tazama kama kitaa chake kinawaka na kuzima. Kikawaka, kikazima. Basi ubongo unafanya kazi, tatizo liko njiani kuelekea machoni. Kisha akauliza kama tuna televisheni. Tukaichomoa iliyoko sebuleni kwenye mchezo wake, tukaiunganisha na laptopu kwa waya wa HDMI, tukabonyeza kitufe cha Windows pamoja na P na kuchagua picha iende kote kuwili. Desktopu ya Dada ikatokea kwenye televisheni, kubwa na safi, pamoja na picha ya bibi yake amevaa leso ya manjano.

Mhandisi wetu alikuwa ameshaanza kueleza kwamba hiyo inamaanisha chipu ya picha ni nzima. Mjomba akamkatiza. "Kabla ya maelezo, okoeni mali." Dada akachomeka diski ya nje na kunakili rekodi zote za bibi, na insha, na kila kitu. Dakika 20. Wakati wote huo Mjomba alingoja kwenye simu, akipiga miayo. Ndipo tulipoelewa jambo ambalo kila mtu anapaswa kulijua na sisi hatukuwa tumelifikiria: kioo hakina kitu ndani yake. Faili ziko kwenye diski, chini, chini ya mikono. Kioo kikizima, mali yako ipo, na televisheni yoyote ya sebuleni inaweza kukuonyesha. Dada alikuwa amelala siku nne akidhani sauti ya bibi yake imekwenda na kioo.

Sasa akaruhusu maelezo. Kama mistari ingeonekana kwenye televisheni pia, kosa lingekuwa kwenye chipu ya picha au kwenye draiva, na hapo kubadilisha kioo ni kupaka rangi nyumba inayovuja. Televisheni ilikuwa safi, kwa hiyo zimebaki sehemu chache: kioo, kebo inayokipelekea picha na umeme, au soketi ya kebo hiyo kwenye bodi.

Akatupa kipimo kingine ambacho hakihitaji waya wala bisibisi. Mistari inapotokea, piga picha ya skrini kwa kompyuta yenyewe, si kwa simu, kisha itume na uitazame kwenye simu. Mistari ikiwamo kwenye picha, imetengenezwa na kompyuta. Isipokuwamo, kompyuta ilichora vizuri na kitu kimeharibu njiani. Dada alifanya hivyo. Picha kwenye simu ilikuwa safi kabisa. Hiki ndicho kipimo tunachokipenda kuliko vyote, na ndicho ambacho yeyote kati yetu angeweza kukifanya Alhamisi ile, kabla sambusa moja haijatumika.

Cha tatu, tukaizima na kuiwasha tena tukibonyeza F2 ili tuingie kwenye ile menyu ya mwanzo inayokuja kabla ya Windows (kwa laptopu nyingine ni F10, F12 au Delete). Mistari ilikuwapo hata huko. Draiva haijaanza kazi wakati huo, kwa hiyo draiva haina hatia.

Mjomba akawa ametulia, macho yake kwenye kitu nyuma ya meza.

"Hilo libuku nyuma ya kioo ni la nini?"

Lilikuwa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, mali ya chama, ile nene. Dada alikuwa ameiegemeza nyuma ya kifuniko cha laptopu. Tulipomuuliza alishangaa yeye mwenyewe. Amekuwa akifanya hivyo tangu Septemba. Bawaba zilikuwa zimekaza, kifuniko kikawa hakikai pale anapotaka, na aligundua kwamba akikiegemeza mahali fulani picha inatulia. Kwake ilikuwa ni namna ya kukaa tu, kama mtu anayelalia ubavu mmoja kwa sababu mwingine unauma. Dukani hakuipeleka kamusi. Hakuna aliyemuuliza.

"Iondoeni," Mjomba akasema. "Inueni kifuniko polepole. Polepole! Simama. Rudisha."

Kilipopita pembe fulani, kioo kikazima. Kiliporudi, kikawaka. Tulifanya hivyo mara sita, na mara sita kilizima palepale. Kisha akatuambia turudishe kile kioo cha zamani tulichokiondoa, na tuilaze laptopu kama tulivyoilaza siku ya vigelegele. Kioo cha zamani kikawaka, safi kama kipya. Hakikuwa na kosa lolote tangu mwanzo.

Tueleze sasa ni nini kilichokuwa kikitokea, kwa sababu tukishaelewa tuliona ajabu kwamba laptopu zote duniani hazifi hivi. Picha inatoka kwenye bodi iliyo chini ya kibodi na kupanda hadi kwenye kioo kupitia kebo moja bapa au ya mviringo. Ndani ya kebo hiyo kuna nyaya nyingi, kila moja nyembamba kama unywele. Baadhi zinabeba picha, baadhi zinabeba umeme wa taa iliyo nyuma ya kioo. Kebo yote inapita ndani au kando ya bawaba. Kila unapofungua na kufunga, unaikunja. Mwanafunzi anayefungua laptopu yake mara kumi kwa siku ataikunja mara 7,300 kwa miaka miwili. Bawaba ikikaza, plastiki inajivuta, na kebo inabanwa mahali ambapo haikukusudiwa kubanwa. Uzi mmoja ukikatika nusu, picha inacheza. Ukikatika kabisa, inazima, na ukiigeuza pembe ncha zake zinagusana tena na picha inarudi. Hiyo "inarudi yenyewe" ya Dada ilikuwa ni ncha mbili za uzi zikisalimiana.

Mjomba alitupa amri moja kabla ya kwenda kulala. Msichomoe kebo ya kioo kabla ya kuchomoa betri. Tulimwambia kwamba tulikuwa tumeshaichomoa mara mbili, laptopu ikiwa imezimwa lakini betri ikiwamo. Akashika kichwa. Laptopu iliyozimwa bado ina umeme kwenye njia zake, akaeleza, na ncha ya kebo ikigusa pasipo pake inaweza kuunguza fyuzi ndogo kwenye bodi, ndogo kuliko punje ya mchele. Ikiungua hiyo, hata ukiweka vioo kumi taa ya nyuma haitawaka, na wewe utaendelea kununua vioo. Tuliokoka kwa bahati. Tusizidi hapo.

Kesho yake wawili wetu walitumwa kununua bisibisi za kweli, maana kisu cha jikoni kilikuwa kimeshakwaruza kona ya kioo kipya. Sisi tunaishi Leicester, na wengi mnajua habari za mji huu: Wahindi wengi waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 walihamia hapa. Wenzetu walikuwa wamesimama mbele ya rafu wakibishana kwa Kiswahili kama skrubu zetu ni za nyota au za msalaba. Mzee mwenye duka akasema kutoka nyuma ya kaunta, "Kila mtu anaita jina lake. Leteni hiyo skrubu nione." Alizaliwa Jinja. Alikuwa hajazungumza Kiswahili na mteja kwa muda mrefu, na alikizungumza kwa kasi, kana kwamba kilikuwa kikingoja mlangoni. Alitupunguzia pauni mbili na akatufungia pia kibano kidogo bila malipo. Akataka kujua kama sambusa tunazouza ni za nyama au za dengu. Wakati huo kopo lilikuwa tupu, lakini hatukumwambia.

Kuifungua tulifanya Jumatano. Tulichora laptopu kwenye karatasi kubwa na kila skrubu tuliyoitoa tukaiweka mahali pake kwenye mchoro, kwa sababu skrubu za chini hazilingani urefu, na iliyo ndefu ukiirudisha pasipo pake inaweza kutoboa ikatokea upande wa pili. Zilikuwa kumi. Mfuniko wa chini tuliuachanisha kwa kadi ya zamani ya basi, tukizungusha ukingoni hadi vijino vya plastiki vikaachia kimoja kimoja. Sauti yake inatisha kama mfupa, lakini ndivyo ilivyo. Betri ikachomolewa kwanza. Tukabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 ili umeme uliobaki uishe. Ndipo tukaifuata kebo kutoka kwenye bodi hadi kwenye bawaba ya kushoto.

Hapo chini ya bawaba, utepe mweusi unaoifunika ulikuwa umesagika. Nyaya tatu zilikuwa wazi, shaba inang'aa, na moja imekatika. Tulipitishana tochi ili kila mtu aone. Dada alitazama kwa muda mrefu kuliko wote, akasema, "Kitu kidogo hivi."

Mhandisi alitaka kuunga kwa risasi. Tulimpigia Mjomba, akakataa kabla sentensi haijaisha: nyaya hizo ni nyembamba mno, na hata ukifaulu, mahali ulipounga patakuwa pagumu na patakatika wiki ijayo palepale kwenye mkunjo. Kebo hubadilishwa. Ina lebo yake ndogo yenye namba, kama kioo kilivyo na yake. Tuliisoma kwa kuipiga picha na kuikuza. Kebo ya namba ileile iligharimu pauni 14 na ilifika Ijumaa, ikiwa ndani ya bahasha ya kawaida, nyepesi kama barua.

Kuiweka kulichukua saa moja na nusu. Nusu saa ilikwenda kwenye plagi iliyo upande wa kioo, ambayo ina kizuizi cha waya mwembamba unachopaswa kukiinua kwa ukucha kabla ya kuvuta, halafu unavuta kwa kufuata usawa wa kioo, kamwe si kwa kuiinua juu. Tulilegeza pia nati za bawaba robo mzunguko kila moja, kwa agizo la Mjomba, kwa sababu kebo mpya chini ya bawaba iliyokaza ingekufa kifo kilekile. Tukaweka betri mwisho. Dada mwenyewe ndiye aliyebonyeza kitufe. Hakuna aliyepiga vigelegele. Alikifungua kifuniko, akakifunga, akakifungua, akakisukuma hadi nyuma kabisa, na picha ya bibi mwenye leso ya manjano ikabaki pale imetulia.

Insha ilikabidhiwa siku moja kabla ya mwisho. Kamusi imerudi rafuni.

Tangu habari zienee, Alhamisi zetu zimekuwa kama zahanati. Mmoja alileta laptopu ambayo kioo chake ni cheusi lakini Caps Lock inawaka. Tulizima taa ya chumba, tukamulika kioo kwa tochi kwa pembeni, na tukaiona desktopu yake kwa mbali, hafifu, kama mtu nyuma ya pazia. Picha ipo, taa ya nyuma haipo. Huyo tulimwambia ukweli kwamba inaweza kuwa kebo, taa yenyewe au ile fyuzi ya punje ya mchele, na fyuzi si kazi ya kadi ya basi. Mwingine alilalamika kioo kinazima akiwa katikati ya kuandika na kuwaka akienda kuchukua chai. Tulipima kila kitu. Mwishowe ilikuwa bangili yake. Ina kifungo cha sumaku, na laptopu nyingi hutambua kwamba kifuniko kimefungwa kwa kuhisi sumaku iliyo kwenye kifuniko hicho. Kila mkono wake ulipopita mahali fulani, mashine iliamini imefungwa. Alivua bangili, akapona. Hatukumtoza kitu ila tulimcheka sana. Kwa wenye laptopu za Dell, mkiizima kisha mkaiwasha huku mmeshikilia herufi D, nyingi kati yake zitakionyesha kioo rangi tupu moja baada ya nyingine bila kupitia chipu ya picha. Rangi zikiwa safi, msikimbilie kununua kioo.

Kwa wasio na mjomba Kariakoo, katika miji mingi ya hapa kuna mikutano ya watu wanaojitolea kurekebisha vitu pamoja. Ile inayoitwa Repair Café ilianzia Amsterdam mwaka 2009, na Restart Project ilianzia London mwaka 2012. Unakwenda na kitu chako kibovu, unakaa na anayejua, na mnakifungua pamoja. Sheria iliyoanza kutumika hapa Uingereza mwaka 2021, inayowalazimisha watengenezaji kuweka vipuri sokoni, inahusu mashine za kufulia, friji, televisheni na kadhalika. Laptopu hazimo. Tulipoisoma tuliiona ajabu, kwamba mashine ya kufulia soksi inalindwa kuliko ile iliyobeba sauti ya bibi.

Mjomba alipiga simu Jumapili iliyofuata, si kuuliza laptopu, bali kuuliza kama tulikula. Dada alimwambia kuhusu chapati na maharagwe. Alicheka hadi simu ikakatika. Alipopiga tena alituambia kwamba kijana akija kwake kujifunza kazi, miezi ya mwanzo hashiki bisibisi. Anakaa kwenye kigoda mlangoni na kuwauliza wateja maswali, kwa sababu mteja wa Kariakoo akilipia kioo ambacho hakikuharibika, kesho yake anarudi na ndugu zake. Kisha akamuuliza Dada kama mama yake ameshajua. Dada akasema bado. Mjomba akasema, "Basi mpigie leo, dada yangu asije akasikia kwangu." Akampigia akiwa ameketi ngazini, tukisikia upande mmoja tu wa maongezi. Mama alikuwa anajiandaa kwenda zamu. Alitaka kujua mambo mawili: sauti za bibi ziko wapi sasa, na chama kinadai kiasi gani.

Chama hakidai kitu. Lakini kile kioo cha pauni 52 bado tunacho, maana baada ya kukikwaruza kwa kisu tuliona haya kukirudisha kwa muuzaji. Kiko kabatini juu ya masufuria. Ni cha inchi 15.6, pikseli 1920 kwa 1080, pini 30, kisicho na masikio ya skrubu pembeni. Picha yake ni safi na mkwaruzo uko kwenye ukingo ambako fremu inaufunika. Kama laptopu yako inakihitaji kwelikweli, njoo Alhamisi yoyote baada ya saa kumi na mbili jioni. Utapimwa kwanza.